Kengele Iliyokwenda Mbeya Chini ya Gari

Nakiri mwenyewe mapema, kabla hajatokea mwingine akawasimulia vibaya: ni mimi niliyeichomelea kengele ya kanisa letu kwenye gari la viazi. Sikuwa nimelewa, sikurogwa, wala sikufanya kwa kiburi kama wanavyosema pale sokoni. Nilishindwa tu kumwambia mzee mmoja "hapana," basi, na yaliyofuata ndiyo haya, na mkicheka chekeni, nimekwisha kuchekwa na watu wazima waliovaa nguo za ibada, siogopi tena.

Mimi ni Elia, nachomelea vyuma kwenye banda la Fundi Mgaya, kando ya barabara ya Makambako, ukishaipita Mafinga. Kazi naijua kiasi. Kusema ndiyo kazi siijui. Nikitumwa chumvi dukani nikakuta wasichana wawili wamesimama mlangoni, narudi bila chumvi, na nyumbani tunakula mboga hivyo hivyo. Kwa hiyo mtashangaa nikiwaambia kwamba mwaka ule nilikuwa nimepeleka posa, tena si kwa yeyote, kwa Rehema, binti wa Mwinjilisti Luvanda anayelichunga kanisa letu. (Rehema ndiye aliyeanza kunisemesha. Alileta jembe lenye mpini uliolegea, akaniambia, "Elia, wewe huwa unaongea Jumapili tu, wakati wa kuimba?") Mshenga wangu alikuwa Fundi Mgaya mwenyewe. Alikwenda kwa Mwinjilisti mara mbili, na mara ya pili akaambiwa: jibu nitalitoa Jumapili ya Mavuno, baada ya ibada.

Sasa niwaeleze kengele, maana aliyezoea misheni kubwa atafikiri ni ile ya shaba yenye mdomo mpana. Yetu ni jani la springi ya lori. Zamani, kabla sijazaliwa, lori moja lilifia mtoni, na baba yake Mwinjilisti akalibeba jani hilo begani mpaka kanisani, akalichonga msalaba mdogo kwa tindo, akalitundika kwenye mkaratusi kwa waya. Linapigwa kwa nyundo. Msidharau, sauti yake inavuka mto na kupanda kilima cha pili, na kila mtu kwetu anajua lugha yake: likipigwa mbili mbili ni ibada, likipigwa moja moja kwa kutua ni msiba, na likipigwa mfululizo bila kupumua ni moto, acha kila kitu ukimbie.

Jumanne ya juma lile la Mavuno Mwinjilisti akaja bandani ameikumbatia kengele kama mtoto. Waya ulikuwa umekula tundu lake mpaka ukingoni, akataka nimtobolee jingine. Aliiweka chini taratibu, akanitazama kwa muda mrefu, nami nikatazama viatu vyangu.

"Elia," akasema, "hiki ni chuma cha baba yangu. Nakuachia mpaka Jumamosi. Mtu anayetunza chuma cha watu, huenda akatunza na mtoto wa watu."

Akaondoka. Nilielewa vizuri sana. Usiku sikulala kwa furaha, maana kutoboa tundu ni kazi ya nusu saa, yaani mke nimempata kwa tundu moja!

Jumatano asubuhi Fundi Mgaya akapanda lori kwenda Iringa kufuata mitungi ya gesi, akaniachia banda na mtungi mmoja uliobakiwa na gesi kidogo. Hajafika hata Mafinga, likaingia gari la Mzee Mwasomola. Huyu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mfanyabiashara, mmoja wa watu weusi wachache katika barabara ile walio na gari lao wenyewe, na gari lenyewe ni pikapu iliyozeeka ikazeeka tena. Ilikuja imepinda mgongo kama mbwa aliyepigwa, nyuma imejaa magunia ya viazi.

"Kamwene, kijana. Fundi yupo?"

"Kamwene, Mzee. Amekwenda Iringa."

"Na wewe ni nani?"

"Elia."

"Sikuulizi jina, gwe! Wewe ni fundi, au unalinda banda?"

Hapo ndipo ningesema nalinda banda. Ningesema hivyo, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini alikuwa amesimama karibu sana, ana koti na kofia, nami mtu akinisogelea hivyo hukubali lolote ili aondoke.

"Fundi," nikasema.

Nikaingia chini ya gari. Chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, ilikuwa imepasuka pande zote mbili, kulia na kushoto, mahali pale pale nyuma ya kibanda cha dereva. Dawa yake naijua: unakutanisha ufa, unauchomelea, halafu unaweka kipande cha chuma kinene juu yake kama mtu anayefungiwa banzi mguuni, kila upande banzi lake. Nikatafuta bandani. Banzi la kulia likapatikana, kipande kizuri cha bamba. La kushoto halikuwepo. Nikapekua kwenye vyuma chakavu, vyote vifupi. Nikatoka kumwambia Mzee asubiri Fundi, nikafungua mdomo, naye akaniwahi.

"Viazi vyangu vinachipua. Kesho viwe Mbeya, au unataka nivilime humo humo garini?"

Nikafunga mdomo, nikarudi ndani. Na kule ndani, ukutani, kengele imeegemea, imenyooka kwa uzee, nene, ndefu kiasi kile kile. (Naapa nilizunguka banda mara tatu nikijifanya siioni.) Nikaanza kuhesabu kichwani: leo Jumatano, Jumamosi mbali. Malori ya mbao yanayopita hapa yanavunja springi kila siku, nitapata jani jingine, nitalichonga msalaba, nitalitoboa tundu, nani atajua? Jani la springi ni jani la springi. Basi nikaibeba kengele ya baba yake Mwinjilisti, nikaigeuza upande wa msalaba uelekee ndani, ili tusitazamane wakati wa kazi, nikavaa miwani nyeusi, nikawasha moto.

Nilichomelea vizuri, nasema kweli. Lakini chuma cha springi kina tabia yake, na Fundi Mgaya alikuwa amenifundisha: ukikichomelea, kifunike kwa majivu ya moto kipoe taratibu, maana ni kama mgonjwa wa homa, ukimtoa kitandani ghafla anaanguka. Ukikimwagia maji kinakuwa kama kigae. Haya yote nilikuwa nayajua. Ila Mzee alikuwa amekwisha kupanda garini, anapiga honi, pipi! pipi!, mimi bado nimelala chini, chuma bado chekundu, nikaona ndoo ya maji karibu, nikamwaga. Tssss. Mvuke ukajaa usoni.

"Tayari, Mzee!"

"Ndaga fijo, asante sana! Wewe ni fundi kuliko fundi!" akasema, akaondoka, na kengele yetu ikaanza safari ya Mbeya.

Ijumaa nikapata jani la lori la mbao. Nikalikata, nikalitoboa, nikalichonga msalaba (wa kwangu ulipinda kidogo, ulionekana kama alama ya kujumlisha ya mtoto wa darasa la kwanza), nikalipaka oili chafu liwe jeusi la uzee. Fundi Mgaya alirudi jioni, akalitazama, akanitazama, akasema, "Hii kengele imenenepa." Nikasema ni oili.

Jumamosi Mwinjilisti akaja, akalitundika mwenyewe mkaratusini, mimi nimeshika ngazi. Akashuka, akachukua nyundo, akapiga.

Kwa.

Akapiga tena. Kwa. Kama kijiko kwenye sufuria yenye ugali. Rehema alikuwa anafagia mbele ya kanisa, akaacha kufagia.

"Elia, imekuwaje?"

Hapa tena njia ilikuwepo, nami tena sikuipita. "Mzee," nikasema, na jasho linanitoka katika baridi ile ya Mafinga, "chuma kikitoka motoni hupata kama mafua. Kinakaa siku mbili tatu, halafu sauti inarudi."

Mwinjilisti hajui vyuma. Akatikisa kichwa, akaipapasa, akasema, "Pole yake." Pole yake! Mzee wa watu anaipa pole springi ya lori la mbao. Nilitaka ardhi ipasuke kama ile chesisi.

Ikafika Jumapili. Kanisa limepambwa mabua ya mahindi, maboga yamepangwa mbele ya madhabahu, kuku wamefungwa miguu, Bibi Agnesi (mjane wa jirani yetu, mdomo wake hauna kifuniko) kaleta mtungi mzima wa togwa kuwa sadaka. Lakini watu ni wachache. Mwinjilisti amepiga, kwa-kwa, kwa-kwa, na wa ng'ambo ya mto hawajasikia kitu. Tukasubiri. Akatoka na kanzu yake nyeupe kwenda kupiga mara ya pili. Mimi niko mstari wa nyuma wa kwaya, nyuma ya mtu mnene, ndipo ninapokaa siku zote.

Ndipo tukaisikia. Kutoka mbali, upande wa Makambako, sauti yenyewe, sauti ya miaka yote: Ngeeee.

Ikatua. Halafu: Ngeeee.

Moja moja. Bibi Agnesi akasema, "Mungu wangu, nani amekufa?"

Watu wakatoka nje. Na pale nje, chini ya mkaratusi, amesimama Mwinjilisti, nyundo imeinuliwa hewani, hajapiga, na kengele inalia. Ngeeee. Akaitazama nyundo. Akaitazama kengele. Wanawake wawili wakaanza kulia, maana kama kengele inajipiga yenyewe kwa ajili ya msiba, basi msiba huo si mdogo. Ng'ambo ya mto watu wakaanza kumiminika kilimani, wengine na majembe, wengine na kanga kichwani tayari kwa matanga, wanauliza, "Ni nani? Ni nani?"

Mimi nilikuwa nimekwisha kujua ni nani. Aliyekufa ni mimi.

Barabara yetu ina mashimo mpaka kwenye mteremko, halafu kuanzia mteremkoni ina matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia. Mashimo yakaisha. Matuta yakaanza. Ngengengengengengenge! Mfululizo, bila kupumua.

"Moto!" mtu akapiga kelele, na hapo msiba ukasahauliwa. Wanaume wakavunja matawi ya miwati ya kupigia moto, watoto wakakimbilia maji, kuku mmoja wa sadaka akafunguka, na pikapu ya Mzee Mwasomola ikatokea kwenye kona, inatoa mvuke mbele kama birika, inalia kengele chini, inakuja moja kwa moja kwa watu. Ikasimama mbele ya kanisa. Sauti ikakatika. Bibi Agnesi alikuwa amebeba mtungi wake, akaona mvuke, akasema, "Ndio huu!" akaimwagia injini togwa yote.

Mzee Mwasomola akashuka taratibu. Kofia yake ilikuwa imekaa upande.

"Ee jamani," akasema, "na ninyi pia?"

Akatusimulia, huku togwa inachuruzika kwenye taa. Kwenda Mbeya gari halikuwa na neno. Kurudi, alipoingia Rujewa kupakia mchele, kitu kikaachia chini. Mnyororo wake wa kuvutia gari, anaouning'iniza chini ya bodi, ukawa unakigonga kila shimo. Alikifunga kwa kamba mara nne, kamba ikakatika mara nne. "Rujewa watoto wa shule walipanga mistari. Jumapili! Mwalimu wao akatoka na kaptula ya kulalia. Makambako wazee wamevua kofia mpaka nimepita, mmoja akanishika mkono akanipa pole na kuku. Nikimwambia nimebeba mchele, anasema, jikaze, mzee mwenzangu. Kuku yupo huyo, tazameni."

Kweli, kuku alikuwa kitini.

Mwinjilisti hakucheka. Alikunja kanzu yake, akapiga magoti kwenye vumbi, akaingiza kichwa chini ya gari. Jani lilikuwa limeachia upande wa nyuma, limening'inia kwa upande mmoja tu, na ule upande niliouficha ndani sasa unatazama nje, na msalaba wake. Akanyoosha mkono wenye nyundo, akaligonga kidogo tu.

Ngeeee.

Akatoka chini ya gari. Ana alama ya oili kwenye paji la uso. Hakuniita. Aliuliza tu, kwa sauti ya kuendesha sala, "Nani aliyemtengenezea Mzee huyu gari?"

"Kijana mmoja hodari sana," Mzee Mwasomola akasema, akinitafuta kwa macho. "Si yule pale, anayejificha nyuma ya yule mnene?"

Yule mnene akasogea. Mpaka leo sijamsamehe.

Na kabla sijafika mbele, Fundi Mgaya, aliyekuja na koti lake la ushenga, alikuwa amekwisha kuinama chini ya gari, amepitisha kidole kwenye mshono. Nikafikiri atanikana, au ataniombea radhi. Akainuka amefura.

"Elia! Ulimwagia maji?"

"Fundi..."

"Nimekuuliza, ulimwagia maji chuma cha springi?"

"Nilimwagia."

"Kengele ya Mungu, sawa, hilo atakuuliza Mwinjilisti. Lakini maji, Elia! Maji!"

Hapo watu wakaanza kucheka, mmoja, wawili, halafu kanisa zima, na wa ng'ambo ya mto waliokuja kwa msiba wakacheka zaidi, kwa kuwa walikuwa wamejiandaa kulia. Rehema naye alicheka, kajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika. Mwinjilisti peke yake alisimama na nyundo yake, na mimi mbele yake, naye ndiye mtu mwenye jibu langu.

"Mzee," nikasema. Na sijui ilitoka wapi, lakini nilisema yote, tangu bandani mpaka kwenye mafua, mbele ya watu, kwa sauti iliyosikika. Ilikuwa hotuba yangu ya kwanza tangu nizaliwe.

Aliponisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Leo unaweza kuitoa?"

"Naweza, lakini leo ni Jumapili."

"Kweli. Basi itakaa hapo ilipo mpaka kesho, na Mzee Mwasomola atasali nasi." Akapiga magoti tena, akaligonga mbili mbili chini ya gari, Nge-nge, Nge-nge, na hivyo ndivyo ibada ya Mavuno ilivyoitwa mwaka ule. Watu walijaa mpaka madirishani. Kuku wa rambirambi alitolewa sadaka, kufidia yule aliyetoroka.

Baada ya ibada Fundi Mgaya alivaa uso wa ushenga, akamwendea kuulizia jibu. Mwinjilisti akasema kwa sauti, makusudi, ili nami nisikie:

"Nilikuwa nalo tangu Jumanne. Sasa mwambie kijana wako asubiri siku mbili tatu. Kitu kikitoka motoni hupata mafua, mpaka sauti irudi."

Jumatatu nikaikata kengele kutoka garini, nikampa Mzee Mwasomola banzi jingine, bamba halali, nikalipoza kwa majivu huku Fundi amesimama juu yangu kama askari wa boma. Nikaitoboa kengele tundu jipya, nikaitundika mkaratusini. Nikapewa na nyundo: tangu siku hiyo mpigaji ni mimi, kila Jumapili na kila msiba, na hiyo ndiyo adhabu yangu. Zile siku mbili tatu zikawa mwezi. Mwezi ukawa mvua zote, tukapanda, tukapalilia. Kila Jumapili Mwinjilisti anasimama mlangoni kichwa kaegemeza upande mmoja, anasikiliza, anaingia ndani. Na Rehema akipita ananong'ona, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Juma lililopita mahindi yalikuwa yameanza kukauka tena shambani. Nilipiga mbili mbili kama kawaida. Mwinjilisti akasikiliza, akanijia mpaka chini ya mti, akaniwekea mkono begani.

"Elia," akasema, "mwambie Fundi Mgaya aje Jumatano. Naona mafua yamepona."

Niliitikia kwa kichwa tu, midomo yangu ilikuwa imerudia tabia yake. Lakini ninyi nitawaambia, kwa kuwa anayeipiga ni mimi na nyundo ninayo mimi. Kengele haijapona. Pale nilipoichoma pana kovu, na kila ikilia, mwisho kabisa wa sauti yake, ukiwa karibu, utasikia inakohoa kidogo: ngeee-kwa. Mwinjilisti ana masikio mazuri kuliko yangu, na amesimama karibu nayo mwaka mzima.

Sasa mtu akiingia bandani na haraka zake, hata akiwa na koti na kofia, namwambia hapana, chuma sina, subiri Fundi. Bado natazama viatu vyangu ninapolisema. Lakini nalisema. Na maji nimeyahamishia nje kabisa, mbali na moto, ndoo yenyewe nimeitoboa.